Kwa Nini Bando Huisha Upesi Mtandao Unapokuwa Bora

Katika malalamiko yote yanayosikika barazani, dukani na ndani ya daladala juu ya makampuni ya simu, hakuna lililoenea Tanzania nzima kama hili: kwamba mtu alikuwa akinunua kifurushi cha intaneti kikamtosha juma zima, kisha kampuni ikatangaza kwa mabango na kwa redio kwamba imeuboresha mtandao wake, imetoka 3G ikaingia 4G, na sasa imeingia 5G, na tangu siku hiyo kifurushi kile kile, kwa bei ile ile, hakimfikishi hata katikati ya juma. Wasemao haya si wachache wala si wajinga, na wengi wao wamekwisha kuhukumu kwamba wanaibiwa. Mimi naona hukumu hiyo ina sehemu ya haki na sehemu iliyowekwa mahali pasipo pake, na kwamba mteja hataweza kuidai haki yake ipasavyo mpaka ajue ni kitu gani hasa anachouziwa, maadamu kitu chenyewe hakionekani kwa jicho, hakishikiki kwa mkono, na mizani yake imo mikononi mwa muuzaji peke yake.

Tutazame hesabu kwanza. Tuseme GB moja, ambayo ni biti bilioni 8, inashushwa kwa mtandao wa kale wa 2G kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde: kazi hiyo itachukua sekunde 80,000, yaani zaidi ya saa 22 bila ya kupumzika. Ishushe GB hiyo hiyo kwa 4G, kwa kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, nayo itakwisha kwa sekunde 400, dakika zisizotimia 7. Ule ugoigoi wa zamani, uliowachosha watu wakaulaani, ulikuwa ukiwalindia salio lao bila ya wao kujua. Ilikuwa vigumu mtu kuimaliza GB yake kwa siku moja hata angalitaka, kwa kuwa ingalimlazimu kushusha karibu mchana na usiku mzima.

Lakini hesabu hiyo peke yake haitoshi kuleta jibu, kwani mteja atasema, na ana haki ya kusema, kwamba yeye hakuongeza matumizi: anatazama vipindi vile vile na kuzungumza na jamaa wale wale. Hapa ndipo penye siri ambayo makampuni hayakuieleza. Video zinazotazamwa kwa simu janja hazitumwi kwa ubora mmoja. Aghalabu filamu moja huhifadhiwa katika nakala kadhaa, kuanzia ile hafifu hadi ile safi kabisa, na kila nakala hukatwa vipande vya sekunde chache chache. Programu iliyomo simuni hupima kila kipande kimefika kwa kasi gani, na ikiona mtandao una nafasi, huomba kipande kifuatacho katika nakala iliyo safi zaidi, bila ya kumuuliza mwenye simu. Nakala hafifu hutumia takriban MB 300 kwa saa, na nakala safi, ile ya HD, huweza kufika GB 3. Basi mtu huketi pale pale, akatazama mechi ile ile ya Simba na Yanga kwenye kioo kile kile kidogo, ambacho macho hayapati tafauti kubwa baina ya picha hii na ile, ilhali mita inakwenda mara 10 ya ilivyokwenda jana. Fauka ya hayo, kuna programu zinazojisasisha zenyewe, picha za makundi ya WhatsApp zinazojishusha kabla hazijafunguliwa, na video zinazojichezea mara kidole kinapopita juu yake. Yote hayo yalikuwa yakizuiliwa na mtandao mbovu, na mtandao mzuri ukayafungulia.

Kwa hiyo, katika jambo hili, mita haisemi uongo. Taksiri iko kwingine: aliyeuza kasi alijua kwamba kasi hiyo italeta matumizi makubwa zaidi, na aliyenunua hakujua.

Malalamiko ya pili ni ya vile vistari vya mtandao vilivyo juu ya kioo. Mtu huviona vimejaa vyote, akabonyeza, na ukurasa haufunguki. Vistari hivyo hupima jambo moja tu, nalo ni nguvu ya ishara inayotoka mnarani na kuifikia simu. Havisemi kitu juu ya idadi ya watu wanaogawana mnara huo kwa wakati huo, wala juu ya hali ya waya unaouunganisha mnara na dunia. Mwaka 1948 Claude Shannon, mwanahisabati wa Bell Labs nchini Marekani, alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano ina ukomo wa habari inayoweza kupitisha pasi na makosa, na kwamba ukomo huo hutegemea mambo mawili, upana wa masafa na uwiano wa nguvu ya ishara kwa kelele. Upana wa masafa ukizidishwa mara mbili, na uwiano ukabaki vile vile, uwezo nao huzidi mara mbili. Ama nguvu ikizidishwa mara mbili, hata pale ishara ilipo njema, faida yake ni takriban biti moja tu ya ziada kwa sekunde kwa kila hezi. Ndiyo maana kampuni haiwezi kutibu msongamano kwa kuongeza nguvu ya mnara. Ina njia tatu: kupata masafa mapana zaidi, kujenga minara mingi iliyo karibu karibu, au kuweka antena nyingi zinazotuma habari mbalimbali kwa pamoja. Na historia ya vizazi vya simu kwa sehemu kubwa ni historia ya upana huo. Mkondo mmoja wa 2G una upana wa kilohezi 200, ukagawanywa zamu 8. Wa 3G una megahezi 5. Wa 4G hufika megahezi 20. Na wa 5G, katika masafa ya kati, hufika megahezi 100.

Walioishi kando ya mji wakati wa 3G watakumbuka ajabu moja iliyowatatiza: jioni mtandao hutoweka kabisa nyumbani, na usiku wa manane hurudi wenyewe. Wengi walidhani kampuni huzima mnara. Sivyo. Katika 3G watumiaji wote husema kwa wakati mmoja na katika masafa yale yale, kila mmoja akitambulikana kwa msimbo wake, na sauti ya kila mmoja ni kelele kwa wengine. Ni kama ukumbi wa harusi, ambamo wageni wakiwa wachache aliye mlangoni husikika hadi jukwaani, na wageni wakijaa na gumzo likapamba, yeye wa mlangoni hata akipiga kelele hasikiki, ingawa hakusogea hata hatua. Ndivyo eneo la mnara lilivyokuwa likinywea watu walipokuwa wengi na kutanuka walipolala, na wahandisi huita hali hiyo kupumua kwa seli. Aliyelipa bei sawa na mwenzake wa chini ya mnara alipata huduma pungufu kuliko yeye, na hakuna bango lililomwambia hivyo.

Ilipokuja 4G ilileta tatizo jingine la namna yake. Mtandao huo ulibuniwa kwa ajili ya habari zinazosafiri kwa pakiti, na simu ya sauti kwa mtindo wa kale haikuwekewa mahali ndani yake; hivyo mtu akipigiwa, simu yake huamriwa ishuke hadi 3G au 2G ili mazungumzo yafanyike huko, na kwa muda huo intaneti hudhoofika au hukatika kabisa. Dawa iliyopatikana ni kupitisha sauti yenyewe ndani ya 4G, nayo huitwa VoLTE, lakini yataka simu inayoikubali na mipango ya kampuni inayoitambua simu hiyo. Vivyo hivyo wateja wengi waliambiwa wabadili laini ili waipate 4G, wakabadili, kisha wakagundua kwamba simu zao wenyewe hazina uwezo huo.

Kuta nazo zina neno lake. Wimbi la masafa ya megahezi 700 lina urefu wa sentimita 43 hivi, na la megahezi 3500 halifiki sentimita 9. Na kwa kawaida wimbi refu hwenda mbali zaidi na kupenya kuta kwa wepesi kuliko wimbi fupi. Mwenye nyumba ya Mji Mkongwe, Unguja, au ya Lamu, yenye kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa, anaweza kuiona 5G barabarani na kuikosa chumbani, na hilo si hila ya mtu. Mnamo Oktoba 2022 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, iliyanadi masafa ya megahezi 700, 2300, 2600 na 3500, na kila anayeijua fizikia hii ataelewa kwa nini kampuni hutamani kuwa na ya chini kwa ajili ya kuenea vijijini na ya juu kwa ajili ya wingi wa watu mijini.

Fedha za kununua masafa hayo hutoka mwishowe kwa mteja, na hazitoki peke yake. Kuna dizeli ya jenereta pale minara isipofikiwa na umeme wa gridi. Kuna nyaya za chini ya bahari, tangu Seacom ilipofika mwambao wetu mwaka 2009, na hata hizo si salama daima, kwani tarehe 12 Mei 2024 Seacom na waya mwenzake EASSy ziliharibika kwa pamoja huko kusini, na Watanzania wakaona vistari vimejaa na intaneti haipo. Na kuna kodi, ambazo Tanzania Bara ni kodi ya ongezeko la thamani na ushuru wa bidhaa. Siyasemi haya ili kuyatetea makampuni. Nayasema kwa kuwa mteja anayedai bei ishuke hana budi kujua ni sehemu gani ya bei inaweza kushuka.

Kwani kuna sehemu ambayo haina udhuru wowote katika fizikia, nayo ni tarehe ya kwisha kwa kifurushi. MB haiozi. Kiozacho ni nafasi ya mnara: saa ikipita bila ya kutumika, uwezo wa saa hiyo umepotea na haurudi. Kwa hiyo bei nafuu ya usiku wa manane, wakati minara imekaa kitako, ni bei yenye hoja, na ningependa iwe nafuu zaidi. Lakini mteja asiyeitumia MB yake juma hili hakumpunguzia mtu nafasi, bali aliiachilia kwa wengine, na hata hivyo juma likiisha hunyang'anywa alichokilipia. Nchini Kenya, Safaricom ilianza mwezi Oktoba 2019 kuuza data isiyo na mwisho wa muda, na minara yake haikuanguka. Nchini Tanzania kanuni za TCRA za mwaka 2021 ziliruhusu mteja kuendelea na salio la kifurushi ikiwa atanunua kifurushi kile kile kabla ya cha kwanza kwisha, na kumhamishia mwenzake sehemu yake. Ni hatua njema, walakini sharti lake bado humlazimisha mtu kununua ili asipoteze alichokwisha kukinunua. Na kanuni hizo zilipoanza kutumika mwanzoni mwa Aprili 2021, bei mpya zilizotangazwa na makampuni zilipanda kiasi cha kuzua kilio cha nchi nzima, mpaka zikasitishwa na watu wakarudishiwa bei za awali. Serikali iliweka bei elekezi, baina ya shilingi 2.03 na shilingi 9.35 kwa MB moja, na pengo hilo, ambalo la juu ni zaidi ya mara nne ya la chini, laonyesha jinsi ilivyo vigumu kwa mtu wa kawaida kujua kama amepunjwa.

Zamani haikuwa vigumu hivyo. Mwaka 2000 nchini Kenya, Safaricom ilipoingia sokoni ikitoza kwa sekunde hali mshindani wake Kencell akitoza kwa dakika, kila mtu aliielewa tafauti hiyo papo hapo, kwa sababu sekunde na dakika ni vipimo ambavyo binadamu huvihisi mwenyewe anaposema. MB haihisiki. Hakuna ajuaye kwa hisia zake kama amekula 50 au 500, na ujumbe unaomwarifu kwamba ametumia asilimia 75 ya kifurushi humjia baada ya matumizi, si kabla yake.

Wala si kweli kwamba makampuni hayawezi kufanya vingine. Mwenye simu ya kitochi, aliye kijijini na mtandao wa 2G tu, akitaka kutuma fedha hubonyeza nyota na tarakimu chache, na maagizo yake hupita katika mikondo ya ishara ya mtandao huo wa kale bila ya kugusa kifurushi chochote. Kabla hajafanya hivyo, akiwa kwa wakala, huinua macho akaona ubao ukutani ulioandikwa makato yote: kutoka shilingi hizi hadi hizi, ada ni hii. Programu ya video ingeweza kumwambia mtazamaji, kabla hajaanza, kwamba kwa kasi hii saa moja itamlia GB 3 na kwa picha ya chini MB 300, na kampuni ya simu ingeweza kuandika juu ya kila kifurushi ni saa ngapi za kila namna zimo ndani yake. Hesabu zote mbili tayari zimo katika kompyuta zao.