Lami Kuukuu Ikirudi Barabarani

Lami inayokwanguliwa kwenye barabara iliyochakaa ni kokoto zilizokwisha kulipiwa: zimepasuliwa, zimechekechwa, zimesafirishwa, na kila moja bado imevikwa lami. Katika barabara ya Isaka, Kahama, Ushirombo hadi Lusahunga, inayopitisha malori ya Rwanda, Burundi na Kongo, kuzimwaga porini kama kifusi ni hasara kubwa. Lami mpya husafiri takriban kilomita 1,000 kutoka bandari ya Dar es Salaam, na kwenye mbuga za Shinyanga changarawe nzuri ni adimu.

Ila lami hiyo imezeeka. Jua na hewa vimeikausha, na maabara hupima ukavu huo kwa sindano. Sindano hubebeshwa gramu 100, kisha huachiwa izame kwa sekunde 5 katika lami yenye nyuzi joto 25. Kwenye lami mpya ya daraja la 60/70 huzama milimita 6 hadi 7; kwenye iliyozeeka huenda isifike hata 3. Lami ngumu namna hiyo haibonyei ovyo chini ya magurudumu, lakini hupasuka upesi. Ndiyo maana ikirudishwa kwenye tabaka la juu huchanganywa na lami laini.

Kwenye tabaka la msingi shida ni nyingine. Kokoto zilizovikwa lami hazinywi maji mengi, jambo jema, lakini huteleza zikigandamizwa. Zikiwa peke yake, mara nyingi hazifikii CBR (kipimo cha uwezo wa tabaka kubeba mzigo) ya 80 inayotakiwa kwa msingi wa changarawe katika mwongozo wa usanifu wa Wizara ya Ujenzi wa mwaka 1999. Huongezewa mawe yaliyosagwa, au saruji kama asilimia 1 pamoja na lami ya povu. Povu hilo hupatikana kwa kupuliza maji kidogo ndani ya lami ya moto: hufura zaidi ya mara 10 kwa sekunde chache, na katika sekunde hizo hunasa vumbi la mawe na kuligandisha. Saruji ikizidi, tabaka hukakamaa na kufanya nyufa.

Unene wa matabaka hayo hukadiriwa kwa uzito wa ekseli za malori. Ekseli ya tani 12 huumiza barabara zaidi ya mara mbili ya ile ya tani 10. Na pale barabara inapokatiza mbuga, udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi huondolewa au hufunikwa kwa kifusi kinene kwanza, kwa sababu msingi wa lami kuukuu, hata ukiwa imara vipi, hauwezi kuuzuia.