Ubani na maumivu ya magoti: Si kila utomvu ni dawa

UBANI ni jina linalofahamika sana katika Pwani ya Kenya, ambako hufukizwa chetezoni wakati wa harusi na shughuli nyinginezo. Hata hivyo, kwa wazee wanaosumbuliwa na viungo, utomvu huo una sifa nyingine: kutuliza magoti yanayouma na kukakamaa.

Sifa hiyo imevuma zaidi nchini India. Katika vilima vikavu vya nchi hiyo huota mti uitwao Boswellia serrata. Gome lake linapochanjwa, hutoka utomvu unaoganda na kuwa vipande vya rangi ya manjano. Waganga wa Ayurveda, tiba ya jadi ya India, wameutumia kwa karne nyingi kutibu uvimbe wa viungo.

Utomvu huo una asidi za bosweliki. Katika maabara, asidi hizo hupunguza nguvu za kimeng'enya kinachochangia kutengeneza kemikali za kuleta uvimbe mwilini.

Mnamo 2014, shirika la Cochrane, ambalo huchambua tafiti za tiba, lilichapisha tathmini kuhusu maradhi ya kulika kwa gegedu za viungo. Majaribio mawili yaliwahusu wagonjwa 85 kwa siku 90. Kwa kipimo cha 0 hadi 100, maumivu ya waliopewa vidonge bandia yalikuwa wastani wa 40, nayo ya waliotumia miligramu 100 za dawa ya mti huo yalikuwa 23.

Nafuu hiyo si haba, lakini si kupona. Gegedu iliyolika hairejei. Isitoshe, kilichojaribiwa ni dawa iliyochujwa na kupimwa, wala si vipande vya ubani vinavyouzwa sokoni. Ubani unaookotwa kaskazini mwa Kenya, zikiwemo Isiolo na Wajir, hutokana na mti tofauti, Boswellia neglecta. Matokeo ya mti mmoja hayawezi kukadiriwa kuwa ya mwingine.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, pamoja na mama mjamzito, hana budi kumwona daktari kabla ya kumeza utomvu wowote. Naye ambaye goti lake limevimba ghafla, likawa na joto na kuandamana na homa, aende hospitalini siku hiyo hiyo. Huenda hiyo ni ambukizo, na ambukizo huweza kuharibu kiungo kwa siku chache tu.