Gattaca: Si Hadithi ya Utashi

Gattaca, filamu ya Andrew Niccol iliyotoka mwaka 1997, hutajwa kila mjadala wa vinasaba unapozuka, na swali huwa lile lile: je, haithibitishi kwamba mwenye nia ya kweli huyashinda aliyozaliwa nayo? Haithibitishi. Filamu hii inahusu tabaka, yaani nani anafunguliwa mlango na nani anafungiwa, na jibu la juhudi linalifuta jambo hilo lote.

Vincent Freeman anazaliwa bila vinasaba vyake kuchaguliwa maabara. Dakika hiyo hiyo tone la damu yake linasomwa: uwezekano wa asilimia 99 wa ugonjwa wa moyo, miaka 30.2 ya kuishi. Yanayomkuta baada ya hapo hayasababishwi na moyo. Shule ya watoto inamkataa kwa kuwa bima haitalipa akianguka. Katika kituo cha safari za anga, anakotamani kuwa mwanaanga, anapata kazi ya usafi tu. Sheria inakataza ubaguzi wa vinasaba, lakini mwajiri huokota sampuli kwenye kitasa cha mlango, au kwenye mate yaliyobaki kwenye fomu ya maombi ya kazi.

Wanaoshikilia nguvu ya nia hukimbilia mashindano ya kuogelea, pale Vincent anapomshinda Anton, mdogo wake aliyetengenezwa maabara. Watazame pia mashine ya kukimbilia. Hapo Vincent anapimwa moyo, na mapigo yanayosikika ni ya mtu mwingine, yaliyorekodiwa. Rekodi inapokwisha, moyo wake halisi unasikika ukidunda ovyo. Anajichomoa nyaya, anaondoka kama hakuna kitu, kisha anaanguka mahali asipoonekana. Utashi haukuuponya moyo huo. Umemsaidia kuficha ugonjwa tu.

Hata kuficha hakuwezi peke yake. Dalali anamuunganisha na Jerome Morrow, mwogeleaji mwenye vinasaba bora aliyevunjika mgongo, na Vincent anajifanya kuwa yeye ili apokelewe kituoni. Jerome ndiye anayetoa mkojo, damu na nywele kila siku. Vincent anagharimia maisha ya wote wawili. Mifupa ya miguu ya Vincent inakatwa ili irefushwe. Irene, mfanyakazi mwenzake, anajua na anakaa kimya. Daktari Lamar, ambaye mwanawe mwenyewe hakutoka kama wazazi walivyoahidiwa, anampitisha mwishoni kwa kubadilisha majibu. Kuyaita haya ushindi wa mtu mmoja ni kuwanyima haki yao wote waliombeba. Halafu kuna hesabu, inayosahauliwa kila mara: hata kama Vincent asingeugua, asilimia 99 humwacha mmoja katika mia asiyeugua, na kumpata huyo hakuvunji takwimu yoyote.

Imani ya nguvu ya nia ina madhara. Ikiwa Vincent alifika kwa nia, basi Caesar, mzee anayesimamia wafagiaji, alibaki na ndoo kwa kukosa nia. Filamu haisemi hivyo popote. Lawama inahamishwa kutoka kwa aliyefunga mlango hadi kwa aliyefungiwa, na hilo ni kosa zito kuliko kosa la biolojia.

Wanaoamini kwamba vinasaba ndivyo majaaliwa nao hawana pa kushika. Jerome alikuwa na kila kitu kwenye karatasi, akapata medali ya fedha, akajitupa mbele ya gari.

Nje ya sinema, mambo ni mafupi. Kipimo cha ugonjwa unaotokana na jeni moja, kama selimundu, kina maana kubwa: mtu na mwenzake wapime kabla ya kuzaa, na mtoto apimwe mapema aanze matibabu. Vipimo vya DNA vinavyouzwa kwa wazazi ili kujua kipaji cha michezo cha mtoto havina maana hiyo. Mwaka 2015 jopo la wataalamu lilieleza katika jarida la British Journal of Sports Medicine kwamba ushahidi wa vipimo hivyo hautoshi kuchagulia vipaji. Pesa hiyo inunue viatu vya mazoezi. Kabla ya kutoa mate kwa kampuni yoyote, mtu aulize majibu yatahifadhiwa wapi na nani ataruhusiwa kuyasoma. Sheria nayo isomwe yote: ile ya Marekani ya mwaka 2008 inawazuia waajiri na bima za afya kutumia taarifa za vinasaba kumbagua mtu, lakini bima ya maisha haimo.