Bei Rahisi Kutoka Ng'ambo: Mwili Usije Ukalipa Tofauti



Mwezi huu tuzungumze juu ya ununuzi wa vitu kutoka maduka ya ng'ambo kwa njia ya simu. Zamani aliyetaka bidhaa za nje alikwenda mwenyewe Kariakoo, au alimwagiza ndugu aliye safarini Dubai. Siku hizi binti aliyeko Salale au Mbwera, ndani kabisa ya delta ya Rufiji, akipata mtandao anatazama picha za bidhaa zilizoko China, anachagua, analipa kwa simu, na baada ya wiki kadhaa anapokea mzigo wake. Mzigo hufika Dar es Salaam, hupanda basi la barabara ya Kilwa hadi Kibiti, huchukuliwa na boda boda mpaka Nyamisati, na kutoka hapo huingia kwenye boti pamoja na unga na sukari.

Jambo hili lenyewe si baya. Wapo waliopata nguo za watoto, taa za sola na vyombo vya jikoni kwa bei nafuu, nao wanashukuru. Lakini yafaa tutofautishe aina mbili za vitu. Shuka likija bovu, hasara ni fedha. Krimu ikija mbovu, hasara inaweza kuwa figo. Kwa hiyo naomba tushike kanuni moja: kitu chochote cha kupaka mwilini, cha kumeza, au cha kupimia ugonjwa, tusikinunue kwa mtu ambaye hatuwezi kumrudia.

KRIMU ZA KUNG'ARISHA NGOZI

Bidhaa inayotutia wasiwasi zaidi sisi wauguzi ni krimu na sabuni za kujichubua, yaani ule mkorogo. Hununuliwa sana inapokaribia harusi, au mwali anapotaka kutolewa. Mama zetu walimsinga bibi harusi kwa liwa na msio. Leo kopo dogo lenye picha ya mwanamke mweupe linaahidi ngozi mpya kwa siku saba.

Ngozi yetu inapata weusi wake kutokana na rangi ya asili ambayo hutukinga na ukali wa jua. Kwa mtu anayelima mpunga au kuvua kamba mchana kutwa, kinga hiyo ni neema kubwa. Krimu hizi huzuia ngozi isitengeneze rangi hiyo, na ndani yake mara nyingi huwa na kimojawapo kati ya vitu vitatu.

Cha kwanza ni hidrokwinoni. Mwanzoni ngozi hung'aa, lakini ikitumika muda mrefu huleta mabaka meusi yenye rangi ya bluu usoni, hasa mahali panapopigwa na jua, nayo ni vigumu sana kuyaondoa.

Cha pili ni dawa kali za jamii ya steroidi, kama vile klobetasoli na betamethasoni. Hizi ni dawa halali za magonjwa ya ngozi pale daktari anapoziandika kwa siku chache. Mtu akijipaka mwili mzima kwa miezi, ngozi huwa nyembamba, hupasuka michirizi, na vidonda huchelewa kupona. Mama wa namna hii akifanyiwa upasuaji wa kujifungua, mshono wake hutupa shida. Aidha, dawa hizi zikipenya mwilini zinaweza kupandisha shinikizo la damu na sukari.

Cha tatu, na cha hatari kuliko vyote, ni zebaki.

ZEBAKI NA FIGO

Zebaki ni ile madini ya majimaji inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu kule Geita na Chunya. Ikiwa ndani ya krimu haionekani wala hainuki. Hupenya kwenye ngozi, huingia katika damu na kukusanyika kwenye figo. Figo zikiharibika, protini ya mwili hupotea katika mkojo, uso na miguu huvimba. Wengine hupata ganzi mikononi, kutetemeka, kukosa usingizi na huzuni isiyo na sababu.

Madaktari wa Nairobi waliliona jambo hili zamani. Mwaka 1972 walitoa taarifa ya wagonjwa 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo wa namna hiyo. Walipowauliza, 32 kati yao walikuwa wakitumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Baadhi ya walioacha kupaka walipata nafuu. Zaidi ya miaka 50 imepita, na zebaki ile ile inarudi kwa mlango wa simu.

Fikirieni sasa mama mjamzito anayekuja kliniki akiwa amevimba. Tunapima mkojo, tunakuta protini. Wazo la kwanza ni kifafa cha mimba, na ni sawa kulifikiria kwa kuwa kinaua haraka. Lakini hapana budi tumwulize pia, "Mama, unapaka nini?" Wengi huona haya kujibu. Nawasihi akina mama, msituone haya. Jibu hilo laweza kuokoa figo zako na mtoto aliye tumboni, maana zebaki huweza kumfikia.

Wala asiyepaka hayuko salama moja kwa moja. Mwaka 2010, huko California na Virginia nchini Marekani, wataalamu walipima familia ambazo baadhi ya watu wake walitumia krimu zenye zebaki. Walikuta zebaki katika mkojo wa watu wa nyumba hizo ambao hawakupaka kabisa, wakiwemo watoto. Mama hupaka, kisha humbeba mtoto, humnyonyesha, hulala naye shuka moja. Sumu huhama kwa kugusana.

Isitoshe, zebaki tunayonawa huishia kwenye maji. Katika matope, vijidudu huigeuza kuwa aina kali zaidi, ambayo huingia katika samaki. Mji wa Minamata nchini Japani uliteseka kwa sababu hiyo. Ugonjwa uligunduliwa rasmi mwaka 1956 kwa watu waliokula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na maji ya kiwanda. Krimu za kijiji kimoja haziwezi kulingana na kiwanda, lakini sisi tunaoishi kwa samaki na kamba wa mikokoni hatuna sababu ya kuongeza sumu katika maji yetu.

SHERIA IPO, LAKINI SIMU HAINA FORODHA

Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata. Vipodozi vyenye zaidi ya miligramu moja ya zebaki katika kilo vilipigwa marufuku kutengenezwa na kuuzwa baina ya nchi kuanzia mwaka 2020. Mwaka 2023, katika mkutano wa Geneva, yaliamua hata kiasi hicho kidogo kiondolewe kufikia 2025. Tanzania iliridhia mkataba huo mwaka 2020. Hapa kwetu, tangu mwaka 2019, usajili wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na dawa pamoja na vifaa tiba viko chini ya TMDA, iliyokuwa ikiitwa TFDA.

Hata hivyo mwuzaji wa mtandaoni hapiti kwa mkaguzi kabla ya kukuonyesha picha. Mwaka 2022, kundi la kimataifa linalopiga vita zebaki lilitangaza matokeo ya kupima vipodozi 271 vya kung'arisha ngozi vilivyonunuliwa katika nchi 17, vingi kutoka maduka ya mtandaoni. Vipodozi 129 vilizidi kiwango kinachoruhusiwa. Hiyo ni karibu nusu.

Wengine watasema, "Mimi hununua chapa inayojulikana." Mwaka 2019 mwanamke mmoja wa Sacramento, Marekani, alilazwa hospitalini baada ya kutumia krimu iliyotoka Mexico, aliyoipata kupitia watu wanaofahamiana. Kopo lilikuwa la chapa maarufu, lakini mtu mwingine alikuwa ameongeza zebaki ndani, gramu 12 kwa kilo. Miezi kadhaa baadaye alikuwa bado hawezi kuongea wala kujihudumia. Wahenga walisema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

DAWA NA VIPIMO

Hali kadhalika na dawa. Zile zinazotangazwa kuwa za mitishamba tupu kwa ajili ya nguvu za kiume zimekutwa mara nyingi, katika nchi mbalimbali, zikiwa zimechanganywa kwa siri na sildenafili, dawa ya hospitali. Akina baba wenye ugonjwa wa moyo wanaotumia dawa za kundi la naitreti wanaweza kushuka shinikizo la damu ghafla na kufa. Chai na vidonge vya kupunguza unene navyo vimekutwa na sibutramini, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya madhara kwa moyo.

Kuna pia saa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila kutoboa kidole. Mwezi Februari 2024 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wananchi kwamba haijaidhinisha kifaa chochote cha namna hiyo. Mgonjwa wa kisukari akichoma insulini kwa kuamini saa hiyo, anaweza kuzimia usingizini. Sukari ipimwe kwa tone la damu.

KABLA YA KULIPA

1. Jiulize, kitu hiki kinakwenda mwilini? Kama ndiyo, kanunue kwenye duka la dawa lililosajiliwa au duka la vipodozi unaloweza kulirudia, na udai risiti.

2. Mjue mwuzaji. Wakala wa kweli ana jina, mahali pa kazi na watu waliokwisha kupokea mizigo yao. Picha nzuri pekee haitoshi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

3. Lipa kwa njia ya duka lenyewe, au lipa mzigo ukifika ikiwezekana. Usitume fedha kwa namba ya mtu binafsi usiyemjua, wala usimtajie mtu yeyote namba yako ya siri. Ukipata ujumbe wa tapeli, itume namba yake kwenda 15040.

4. Piga hesabu yote. Ongeza gharama ya kusafirisha, ushuru, basi, boda boda na boti. Mara nyingi utakuta tofauti na bei ya dukani Kibiti au Ikwiriri ni ndogo.

5. Mzigo ukifika, ufungue mbele ya aliyeuleta, upige picha, utunze risiti.

KABLA YA KUPAKA

Soma kopo, au mpe mwanafunzi wa sekondari akusomee. Lisipokuwa na jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya vilivyomo, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi, liache. Yaogope maneno haya: "mercury", "calomel", "mercuric", "mercurous", "mercurio", "hydroquinone", "clobetasol" na "betamethasone". Yaogope pia maelezo yanayokuonya usiiguse krimu ukiwa umevaa dhahabu, fedha au aluminiamu. Hiyo ni dalili ya zebaki, kwa sababu zebaki hushambulia metali hizo. Kumbuka tu kwamba kopo lisilo na maneno hayo halijawa salama kwa sababu hiyo pekee. Mwenye kuficha sumu haandiki jina lake.

KAMA UMEKWISHA KUTUMIA

Usikate tamaa, na usijifiche. Njoo hospitali au zahanati iliyo karibu, na ulete kopo lenyewe. Waambie unatumia muda gani, na nani unalala naye. Mkojo na shinikizo la damu vitapimwa. Krimu yenye zebaki iachwe mara moja. Ile yenye steroidi, kama umeitumia miezi mingi, mwone mhudumu wa afya akuelekeze jinsi ya kuiacha, kwa maana ukiikatisha ghafla ngozi yaweza kuwaka na kuvimba. Usilitupe kopo mtoni wala usilichome moto, kwani moshi wa zebaki ni sumu. Lifunge vizuri ndani ya mfuko wa plastiki, uliweke mbali na watoto, kisha ulilete.

Tufikirie jambo hili kwa uzito. Figo zikishindwa kabisa, mgonjwa husafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki. Mtu anayesubiri maji yajae ili boti itoke kijijini kwake hawezi kuifuata mashine hiyo mara tatu kwa wiki. Itambidi ahame, aache shamba, nyavu na watoto, na ndugu wauze walicho nacho. Hiyo ndiyo bei ya kweli ya kopo la shilingi elfu chache. Rahisi ghali.

Nawaomba viongozi wa jumuiya ndogo ndogo na WAWATA walisome jambo hili katika mikutano yao, na walishirikishe pia kwa majirani zetu Waislamu, maana boti ni moja na soko ni moja. Nanyi akina baba na vijana, mnapomsifia binti kwa weupe wake, mjue mnamsukuma kwenye kopo. Mtume Paulo aliwafundisha Wakorintho kwamba mwili una heshima kubwa mbele ya Mungu. Basi ngozi aliyotupa tuitunze kwa maji safi, sabuni ya kawaida na mafuta ya nazi, nayo itatutumikia mpaka uzeeni.