Simbilisi akitulia kiganjani, huenda amekufa ganzi kwa hofu

Wengi wanaowanunulia watoto simbilisi hulalamika hivi wiki ya kwanza: mnyama hatoki mafichoni, na ukimsogelea anatimua mbio. Basi wanamkamata, wanampakata, naye anatulia tuli, macho yamemtoka, hata masharubu hayachezi. Hapo wenye nyumba hufurahi kwamba ameanza kuwazoea. Hajawazoea. Kutulia huko ndiyo hofu yenyewe.

Asili ya simbilisi ni Amerika Kusini, na huko milima ya Andes wamefugwa kwa maelfu ya miaka. Jamaa zake wa mwituni ni kitoweo cha kila mwenye kucha na mdomo mkali. Hana pembe wala meno ya kupigania; kinga yake ni kukimbilia kichakani, na akikosa pa kukimbilia huganda ili asionekane. Macho yamekaa pembeni mwa kichwa, hivyo huona karibu pande zote, na hata juu. Mkono unaomshukia kutoka juu, hata uwe wa mtoto mpole namna gani, kwake ni mwewe.

Ufugaji umempunguzia hofu, lakini haukuimaliza. Mwaka 1999 watafiti wa Ujerumani, Künzl na Sachser, walichapisha utafiti uliowalinganisha simbilisi wa kufugwa na jamaa zao wa porini. Wa kufugwa walikuwa wapole zaidi wao kwa wao, na walipowekwa mahali pageni homoni zao za msongo hazikupanda sana. Kabla ya hapo Sachser na wenzake walikuwa wameonyesha jambo linalonivutia zaidi: dume akipelekwa mahali asipopajua, homoni ya msongo iitwayo kotisoli humpanda, lakini akiwa na jike waliyeshikamana naye, hupanda kidogo tu. Jike mgeni hakumsaidia. Hata jike aliyemfahamu tu, bila kushikamana naye, hakumsaidia.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ya woga ni mwenzake, wala si mikono yetu. Uswisi sheria inakataza kumfuga simbilisi peke yake. Chukua majike wawili waliokua pamoja, au jike na dume aliyehasiwa. Usipozingatia hilo utajaza nyumba: mimba yake ni ya miezi miwili na siku chache, na jike anaweza kushika nyingine saa chache tu baada ya kuzaa.

La pili ni kiboksi cha kujifichia. Wapo wanaoondoa kiboksi wakidhani watamlazimisha azoee watu, na wanamwongezea hofu. Anayejua ana pa kukimbilia ndiye anayethubutu kutoka. Kiboksi kiwe na milango miwili, ili asikwame mwenzake akimzibia mmoja.

La tatu ni kumzoesha watu na kelele zao. Katika Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania na mashariki ya Kongo, ambako hufugwa kwa ajili ya nyama, simbilisi wengi huishi jikoni, wakipishana na miguu ya watu na makelele ya sufuria. Mfugaji wa mjini aige hilo: kizimba kikae ukutani mahali familia inapoketi, pasipo jua kali wala paka.

Kisha keti sakafuni, ongea kwa sauti ya chini, ushike kijiti cha giligilani. Atatokeza pua kwanza. Kisha atajinyoosha mwili mzima, miguu ya nyuma ikibaki kiboksini tayari kwa safari, aling'ate jani na kulikwapua. Usimguse. Siku atakapolitafuna pale pale mkononi, mkune taratibu shavuni. Kumnyanyua ni baadaye kabisa: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, nawe umekaa chini, maana akianguka huvunjika mifupa kwa urahisi. Akigonganisha meno, mwache. Anayepiga mluzi akisikia mfuko wa majani ukichakacha, au kuruka-ruka hewani bila sababu, huyo mambo yake mazuri.

Mpaka afikie hapo, mwezi au zaidi unaweza kupita, na wengine hawapendi kupakatwa maisha yao yote. Sioni ubaya wa hilo. Kula mkononi kunatosha.

Mikono ioshwe kabla na baada ya kumshika, kwa kuwa simbilisi anaweza kumwambukiza mtoto choa. Chakula chake kikuu ni nyasi, na kwa kuwa mwili wake hauwezi kutengeneza vitamini C, kama sisi, mpe kipande cha pilipili hoho kila siku. Akikosa vitamini hiyo viungo huuma, na mwenye maumivu hujikunyata na kukataa kuguswa. Kwa hiyo aliyekwisha zoea watu akirudia kujificha ghafla, usianze upya mafunzo. Mpime uzito, tazama kama anakula na kunya. Akipitisha nusu siku bila kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.