Mandhari Si Pambo

Mtahiniwa mpendwa, ukiulizwa umuhimu wa mandhari, usiandike "mtaa wa mabanda" ukatua kalamu. Hapo umetaja mahali tu. Mtahini anataka kujua mahali hapo panafanya kazi gani.

Panda matatu namba 46 jijini Nairobi. Utapita Hurlingham na Yaya, penye maghorofa na kuta ndefu, kisha ushuke Kawangware, penye vibanda vya mabati vinavyopakana na Lavington ya matajiri. Safari ni moja, walimwengu wawili. Pengo kama hilo ndilo huzaa migogoro katika kazi nyingi za sanaa.

Katika hadithi fupi, mandhari hujengwa kwa maneno. Said Ahmed Mohamed, katika "Tumbo Lisiloshiba" (2016), anamweka Mzee Mago Madongoporomoka, mtaa wa wanyonge unaomezewa mate na wakubwa. Jitu linapoingia mkahawani na kula kila kilichopikwa, tunaelewa kuwa kinachotaka kuliwa hasa ni ardhi.

Jukwaa nalo ni finyu. Katika tamthilia ya Mstahiki Meya (2009), Timothy Arege anatuingiza ofisini mwa Meya Sosi. Uozo wa mji wa Cheneo twaupata zaidi kwa masikio, kupitia mazungumzo. Ofisi yenye starehe na mji unaonuka vinashtakiana.

Filamu haina haja ya kusimulia, huonyesha. Katika Soul Boy (2010), iliyoongozwa na Hawa Essuman, kijana Abila anapita vichochoro vya Kibera akitafuta kuikomboa roho ya babake. Kamera inaonyesha dhiki, lakini pia ucheshi, biashara na mapenzi. Mwalimu, zingatia hili. Baadhi ya wanafunzi wako wanaishi mitaa hiyo. Ukiifundisha kana kwamba ni mitaro mitupu, umewafuta wao pamoja na wahusika.

Kipimo ni rahisi: hamisha hadithi. Mpeleke Mzee Mago Lavington. Je, jitu litamfuata? Mgogoro ukiporomoka, basi mandhari ndiyo nguzo yake. Hadithi ikibaki vilevile, mandhari hayo ni pambo tu.

Zoezi
Chagua kazi moja uliyoisoma. Eleza jinsi mandhari yanavyojenga (a) mgogoro, (b) wahusika na (c) maudhui. Toa mfano kwa kila hoja.