Mbwa Akijeruhiwa Ukucha: Huduma ya Nyumbani

Kwa kaya zinazoishi Dengfeng, Wilaya ya Yuexiu, Guangzhou

Mbwa wa Afrika Mashariki aghalabu huishi uani, na kucha zake husagika zenyewe ardhini. Katika nyumba za ghorofa za Dengfeng na Xiaobei sakafu ni ya vigae laini. Kucha hurefuka, hujipinda, kisha hunasa kwenye zulia na kupasuka. Jeraha hilo hutoa damu nyingi kuliko ukubwa wake, kwa kuwa ndani ya ukucha mna nyama hai yenye mishipa ya damu na ya fahamu. Damu hiyo hutisha, lakini mara nyingi hukoma kwa kukandamizwa tu.

Jilinde kwanza. Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata amlishaye. Watoto waondolewe chumbani. Mtu mmoja amshike mbwa, mwingine amhudumie. Mdomo waweza kufungwa kwa utepe wa bandeji, lakini usifungwe kamwe iwapo mbwa anatapika au anahema kwa shida.

Kandamiza ncha ya ukucha kwa kitambaa safi kwa dakika 5 hadi 10 bila kuchungulia, maana kila ukichungulia waibandua damu iliyoanza kuganda. Ikiwa bado yatoka, chovya ncha hiyo katika wanga wa mahindi au unga wa ngano, kisha ukandamize tena. Unga ni wa ncha ya ukucha pekee. Usitiwe katika jeraha la ngozi.

Damu ikikoma, osha wayo kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi, kijiko kimoja cha chai katika nusu lita. Spiriti isitumike, kwani huunguza nyama hai. Ukucha uliolegea usiung'oe. Funga bandeji nyepesi na uibadilishe kila siku. Joto na unyevu wa Guangzhou huifanya bandeji iliyolowa kuwa mbaya kuliko kutofunga kabisa. Mfuko wa plastiki uvalishwe wakati wa kutoka nje tu. Mbwa azuiwe kulamba.

Usimpe parasetamoli wala ibuprofeni. Dawa hizo, zilizo salama kwako, zaweza kumuua.

Mpeleke hospitali ya wanyama (宠物医院) ikiwa damu haikukoma baada ya dakika 20, ukucha umepasuka hadi shinani au unaning'inia, kidole kimevimba, pana usaha au harufu, au bado anachechemea baada ya siku mbili.

Ukikwaruzwa au kung'atwa wakati wa kumhudumia, hata kama mbwa ni wako, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende siku hiyo hiyo kwenye kliniki ya majeraha ya mbwa (犬伤门诊). Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu hakiponi. Chanjo hufaa kabla ya hapo. Usingoje kuona kama mbwa ataugua.

Tangu tarehe 1 Mei 2021 sheria ya China ya kuzuia magonjwa ya wanyama humtaka kila mwenye mbwa amchanje dhidi ya kichaa na amfunge kamba atokapo nje. Uendapo kliniki, chukua pasipoti yako na cheti cha chanjo ya mbwa. Daktari anaweza kuviulizia.